Je, Thimlich Ohinga Ni Mji?

Mlezi wa chama chetu aliponiita chumba cha walimu na kuniagiza niandike juu ya ziara yetu ya muhula wa pili, alinipa onyo kabla sijatia kalamu karatasini. "Katibu, usiniletee ile insha ya tuliamka, tukaabiri basi, tukala, tukarudi. Niletee somo." Basi hili ni somo. Hata hivyo mtanisamehe, maana bila kuamka na kuabiri basi hakuna somo, na kula pia kulikuwapo.

Nianze kwa kukiri kosa langu. Mimi ndimi niliyeipinga safari ile kuliko wote. Tangu Januari tulikuwa tumekusudia kwenda Mombasa. Mwanachama wa Chama cha Kiswahili akose kuiona Fort Jesus? Akose kupita katika vichochoro vya Mji wa Kale, akose kuonja halua na kusikia Kiswahili kikizungumzwa na wenyewe? Tulichanga shilingi kwa shilingi, tukauza mandazi siku za michezo, tukaosha gari la kila mgeni aliyethubutu kuingia shuleni. Mwezi wa tano mweka hazina akasimama mbele yetu, akakohoa, akatangaza kwamba fedha zilizopo zingetufikisha Nakuru, na kutoka Nakuru tungeendelea kwa miguu. Chumba kizima kilinyamaza kama maji mtungini.

Ndipo mlezi akasema, "Mahali pa kihistoria pako papa hapa kwetu. Twendeni Thimlich Ohinga."

Nilisimama bila kuruhusiwa. "Mwalimu, lakini yale ni mawe tu! Hata kwetu mawe kama yale yapo, mbuzi wanapanda juu yake."

"Yapo kwenu?" akaniuliza huku akitabasamu. "Vizuri. Basi wewe ndiwe utakayekuwa mkalimani wetu."

Lazima nieleze kwa nini tulihitaji mkalimani. Muhula ule tulikuwa na mwalimu wa mazoezi, mzaliwa wa Malindi, Mgiriama, ambaye Dholuo yake ilikuwa haijavuka "oyawore". Sisi tulimwita Mwalimu Mgeni, naye hakukasirika. Tena kanuni ya chama ilikuwa kwamba siku ya ziara atakayetamka neno lisilo la Kiswahili angetozwa shilingi tano. Mwelekezi wa Thimlich Kiswahili anakijua, tena kizuri, lakini tulipofika alituambia wazi kwamba mambo ya ohinga yeye amezoea kuyaeleza kwa Dholuo au Kiingereza. Kwa Kiswahili hajawahi kuombwa. Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kusimama kando yake na kuligeuza kila neno. Niliiona kazi ndogo. Kumbe!

Tuliondoka Magunga alfajiri na mapema, milima ya Gwassi ikiwa bado imejifunika ukungu kama mzee aliyejifunika blanketi. Tuliteremka kuelekea Sori, ziwa likiwa upande wetu wa kulia na mitumbwi ya wavuvi ikirudi na omena. Baada ya Sori tuliliacha ziwa, tukashika njia ya Macalder, penye machimbo ya zamani ya shaba na dhahabu. Basi liliharibika mara moja tu. Sitasema lilikuwa basi la nani. Saa nne hivi tulishuka, vumbi limetupaka rangi moja sote, walimu kwa wanafunzi.

Mahali penyewe pako katika Kaunti ya Migori, kilomita 46 hivi kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori. Ni kama hekta 21 za vichaka, mawe na miti ile ya mikono mingi iitwayo mipungate na baadhi yetu, ingawa mwalimu wa Biolojia amenikosoa kwamba mpungate ni mmea mwingine. Basi nitasema ile miti yenye utomvu mweupe unaowasha macho. Mnaijua.

Mwelekezi alianza na jina. *Thim* ni msitu au nyika, *lich* ni ya kutisha. Msitu wa kutisha. Hadi hapo mkalimani alikuwa anateleza kama mtumbwi. Kisha akasema: "Ohinga." Akanyamaza, akanitazama, akingoja. Nami nikamtazama.

Ohinga ni nini kwa Kiswahili? Nilisema "ukuta". Akatikisa kichwa: ukuta ni sehemu yake tu. Nikasema "zizi". Wenzangu wakacheka, maana zizi ni la ng'ombe na humu waliishi watu. Nikasema "ngome", na hapo akakubali nusu. Kweli palikuwa pa kujilinda, alisema, dhidi ya wanyama wakali na watu waliokuja kupora mifugo, lakini ngome ni ya askari, na humu hapakuwa na askari. Palikuwa na akina mama, watoto, ndama na kuku. Mwalimu Mgeni akanisaidia: "Andika 'boma' kwanza. Tutalirudia neno hilo wakati wa chakula." Basi nikaandika boma, nanyi litumieni kwa muda.

Boma kubwa kuliko yote linaitwa Kochieng. Mengine makubwa ni Kakuku, Koketch na Koluoch, na yote kwa pamoja ndiyo yanayofanya Thimlich Ohinga. Kuta zake zina kimo cha kati ya mita 1.5 na mita 4.5, na unene wa mita moja kwa wastani. Nimeziandika tarakimu hizi kwa sababu zitatoka katika mtihani wa chama, lakini tarakimu hazikwambii ulivyo ukuta ule. Simama chini yake. Nyoosha mkono. Kisha jaribu kutafuta saruji.

Hamna. Hamna saruji, hamna chokaa, hamna udongo wa kushikilia. Ni jiwe juu ya jiwe. Mawe yenyewe hayakuchongwa, yaliokotwa palepale kwenye vilima, mengine makubwa kama meza ya mwalimu, mengine kama ngumi, na hakuna mawili yanayofanana. Inadhaniwa kwamba ujenzi ulianza katika karne ya 16. Mimi nimeishi katika nyumba iliyojengwa kwa saruji mwaka niliozaliwa, na ufa wake mtu anaweza kupitisha kijiko.

Siri iko wapi? Hapa ndipo nilipoiona faida ya kuwa mkalimani, kwa maana huwezi kutafsiri jambo usilolielewa, na ilinibidi nimwulize mwelekezi mara tatu. Alieleza hivi. Ukuta ule si mmoja, ni mitatu. Kuna uso wa nje, umepangwa kwa mawe makubwa. Kuna uso wa ndani, vilevile. Na katikati mna mawe madogo madogo yaliyoshindiliwa, ambayo ndiyo yanayozishika nyuso mbili zisiachane. Ukiuona ukuta kwa nje utayasifu yale makubwa, lakini yakichomolewa yale madogo ya katikati, makubwa huanza kutumbukia ndani, na ukuta hutumbua tumbo kabla ya kuanguka. Tena haukwenda moja kwa moja. Umepindapinda, na mahali pengine wameuegemezea nguzo nene za mawe, kama vile mtu anavyotanua miguu ili asisukumwe akaanguka.

Nilipomaliza kutafsiri hayo nilitokwa na jasho, lakini Mwalimu Mgeni aliandika yote.

Tukaingia. Tuseme tuliinamishwa. Lango la Kochieng ni la chini, na juu yake limelazwa jiwe refu bapa linalobeba ukuta wote ulio juu. Kwa Kiswahili kile cha chini unachokikanyaga mlangoni ni kizingiti, na hicho cha juu nacho huitwa kizingiti cha juu. Mtu mzima hawezi kupita wima. Lazima ainamishe kichwa, na mwelekezi alituonyesha sababu kwa kusimama upande wa ndani, mkono juu, akicheka: adui aingiaye huku ameinama, shingo yake ameileta mwenyewe. Karibu na lango palikuwa na pahali palipoinuliwa pa mlinzi kusimama na kutazama nje. Mwenyekiti wetu, ambaye ni mrefu kuliko mlezi, aligonga paji la uso. Hakulia, ila alilipa shilingi tano kwa neno alilolitamka.

Ndani ni kama kiwanja chenye viwanja vidogo. Kuna kuta fupi zinazogawanya sehemu za ndama, kondoo na mbuzi, na kuna miduara iliyobonyea ardhini ambamo nyumba zilisimama. Nyumba hazipo. Zilikuwa za miti, udongo na nyasi, na vitu hivyo vikiachwa havivumilii masika mengi. Tena kwa desturi ya Waluo, mwenye mji akifa wanawe hutoka kwenda kuanzisha miji yao, na pale palipoachwa huwa gunda. Nyumba hurudi ardhini. Watu wa namna hii waliendelea kujenga na kuhamia katika maboma ya mawe hadi katikati ya karne ya 20, na si ukoo mmoja tu uliopita hapa. Walioweka mawe ya kwanza si lazima wawe babu zetu sisi. Makundi mengi yamepishana katika nchi hii ya ziwa, Wabantu kwa Waniloti, na kila lililokuja lilikuta ukuta, likautengeneza na kuukalia. Sisi wa Magunga tusishangae. Wengi wetu ni Wasuba ambao babu zao walisema lugha ya Kibantu, na leo tunasema Dholuo nyumbani.

Sasa nieleze aibu yangu. Mwelekezi alikuwa anaonyesha mpangilio wa mji wa Kiluo, ambao ndio waliokaa humu mwisho: nyumba ya mke mkubwa, *mikayi*, inalitazama lango, ya pili, *nyachira*, upande mmoja, ya tatu, *reru*, upande mwingine, katikati zizi. Nilikuwa naenda vizuri. Halafu akafika langoni, nami kwa kuchoka nikatafsiri hivi: "Na hapa kando ya lango, wavulana waliobaleghe walilala katika simba."

Mwalimu Mgeni aliinua kichwa. "Katika nini?"

"Katika simba, Mwalimu."

"Wavulana walilala ndani ya simba?"

Wenzangu walianguka chini kwa kicheko. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba simba ni neno letu. Kwa Dholuo simba ni nyumba ndogo ya kijana ambaye hajaoa, naye hujengewa karibu na lango. Kwa Kiswahili ni yule anayekula ng'ombe. Nilitozwa shilingi tano, nikabisha kwamba simba ni neno la Kiswahili, kwa hiyo sikuvunja kanuni. Kesi hii bado iko mbele ya kamati.

Kicheko hicho ndicho kilicholeta balaa. Kijana mmoja wa Kidato cha Pili, jina lake nalisitiri, alikuwa ameona picha itapendeza akiwa juu. Wakati sote tumeinama kwa kucheka, yeye alipanda ukuta mfupi wa ndani, akakaa kitako kama chifu, akamwambia mwenzake apige. Tulisikia sauti ndogo, grr, kama mtu anayesaga meno. Jiwe moja lilichomoka. Likafuatwa na la pili, kisha madogo ya katikati yakamwagika kama mahindi kutoka gunia lililopasuka. Kufumba na kufumbua, tundu la ukubwa wa debe lilikuwa wazi.

Hakuna aliyeumia. Lakini hakuna aliyecheka tena.

Nilitarajia mwelekezi afoke. Hakufoka. Alipiga magoti, akaanza kuyatenga mawe: makubwa huku, madogo kule. Alisema kwa Dholuo, polepole, nami nikatafsiri bila mtu kuniambia: "Jiwe hili halirudishwi popote tu. Lina mahali pake." Akatwambia kwamba hatalirudisha siku ile, kwa sababu kazi hiyo hufanywa na mafundi wa Makavazi ya Taifa wakiongozwa na picha za zamani. Yeye atatia alama na kuandika ripoti. Kisha akaeleza kinachouangusha ukuta: miti inayoota katikati ya mawe na kuyasukuma kwa mizizi, mifugo inayopanda, wageni wanaopanda. Katika orodha yake ya mwaka 2000, shirika la World Monuments Fund liliitia Thimlich Ohinga miongoni mwa mahali 100 duniani palipokuwa hatarini zaidi. Ukarabati ukafanywa, na mwaka 2018 UNESCO ikaiingiza katika Urithi wa Dunia. Yaani jina lake limo katika orodha moja na Mji wa Kale wa Lamu, ulioingizwa mwaka 2001, na ile Fort Jesus niliyoililia, iliyoingizwa mwaka 2011.

"Na zilizobaki?" aliuliza mlezi.

Hapo nilisikia jambo ambalo sikuwa nikilijua. Watafiti wamehesabu maboma ya mawe ya namna hii kama 521, katika mahali 138, huku kusini mwa Nyanza. Thimlich ni moja tu ya hizo 138, ile kubwa na iliyohifadhika kuliko zote. Nyingine hazina ua, wala mlinzi, wala kibao. "Zinaliwa," alisema mwelekezi. "Mtu anajenga nyumba, anatuma punda. Mawe yako tayari, kwa nini akavunje mwamba?"

Nilitafsiri hilo pia. Lakini sauti yangu ilipungua, na sababu mtaiona.

Nje ya Kochieng, upande wa kaskazini, tulionyeshwa mahali palipofuliwa chuma. Hapa mkalimani alipata sifa. Mwelekezi aliokota kitu cheusi chenye matundu, kizito, akauliza kinaitwaje kwa Kiswahili. Wote kimya. Mimi nilikuwa nimelisoma katika kamusi, nikasema kwa sauti: "Mavi ya chuma." Wasichana wa Kidato cha Kwanza walitazamana, mlezi akakunja uso, lakini Mwalimu Mgeni akathibitisha kwamba ndilo neno lenyewe, lile takataka linalotoka chuma kikiyeyushwa, na kwamba asiyelipenda aliache tanuri. Basi msilisahau.

Aidha, wachimbuaji wa mambo ya kale wamepata humu vigae vya vyungu, mifupa ya ng'ombe, mbuzi, samaki na wanyama wa porini, vifaa vya chuma, na pia ushanga wa kioo. Huo wa kioo haukutengenezwa hapa. Ulitoka mbali, mkono kwa mkono, soko kwa soko. Mwalimu Mgeni alisimama pale muda mrefu. Alisema, "Ushanga wa namna hii uliingia nchini kwa bandari zetu za pwani. Nilidhani mimi ndiye wa kwanza kutoka kule kufika hapa!"

Sasa chakula. Tulikula chapati na maharagwe chini ya mti, na mlezi akaufungua mjadala alioutayarisha tangu mwanzo: *Je, Thimlich Ohinga ni mji?* Nami, kwa kuwa nilipinga safari, nikapewa upande wa kukana.

Niliona ushindi mkononi. Nilisema: mji una mitaa, una soko, una mahali pa ibada vilivyosimama hadi leo. Nikataja Gedi, ambayo Mwalimu Mgeni aliijua tangu utotoni: ina msikiti mkuu, jumba la mtawala, visima na makaburi, imejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, ikastawi katika karne ya 15, ikaachwa katika karne ya 17, na mwaka 2024 nayo imeingia katika Urithi wa Dunia. Nikataja Mombasa, ambako Wareno walijenga Fort Jesus kati ya 1593 na 1596. "Katika karne hiyohiyo," nikasema kwa madaha, "sisi tulikuwa tunapanga mawe bila chokaa ili fisi asile mbuzi. Hili ni boma la mifugo. Tukiliita mji, tutaita kila zizi jiji." Nilipigiwa makofi.

Upande wa kuunga mkono ulijitahidi. Mmoja alisema hata Zimbabwe Kuu ilijengwa kwa mawe bila chokaa na hakuna anayeiita zizi. Hoja nzuri, lakini mimi nilikuwa nimekwisha kujiona mshindi.

Ndipo Mwalimu Mgeni akaomba ruhusa ya kusema, ingawa si mwanachama.

"Kabila langu linaitwaje?" akauliza.

"Mgiriama," tukajibu.

"Na Wagiriama, Wadigo, Warabai na wenzao kwa pamoja?"

"Mijikenda."

"Gaweni neno."

Miji. Kenda. Miji tisa.

"Na miji hiyo," akasema, "haikuwa na mitaa wala chokaa. Tunaiita kaya. Ilikuwa ndani ya msitu mnene, ina malango, na ndani mna nyumba za miti na nyasi ambazo leo hazipo. Wagiriama kwetu ni Kaya Fungo. Mimi nikisikia 'msitu wa kutisha' wenye lango, najua nimefika wapi." Misitu ile ya kaya, akaongeza, nayo iliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2008.

Kisha akatufundisha kitu ambacho ndicho kiini cha somo hili, kwa hiyo kalamu zenu ziwe tayari. Neno *mji* halikuanza kwa kumaanisha mahali penye maduka na taa. Mkikuyu husema *mũciĩ*, Mkamba *musyĩ*, na Mzulu kule Afrika Kusini *umuzi*, na wote hao humaanisha nyumbani: mahali pa mtu na wake zake, wanawe na mifugo yake. Ni neno moja. Kiswahili kilikwenda nalo pwani, miji ya pwani ikakua, na neno likakua pamoja nayo mpaka likabeba Mombasa nzima. Lakini maana ile ya zamani haikufa. Ndiyo maana tumbo la uzazi bado huitwa *mji wa mimba*. (Kidato cha Pili walianza kuchekacheka. Mlezi aliwatazama.) Na ndiyo maana mimi mwenyewe, kurasa mbili nyuma, niliandika "mwenye mji akifa" bila kuona ajabu. Rudini mkaangalie.

Kwa hiyo ohinga ni nini kwa Kiswahili? Kura zilipigwa. "Boma" lilipata 11. "Ngome" 3. "Mji wa mawe" 24. Mimi mkanaji niliunyoosha mkono pamoja na hao 24, na mwenyekiti akalalamika kwamba si haki mtu kuuhama upande wake. Napenda kumjibu hapa, kwa kuwa pale hakunipa nafasi: niliambiwa nikane, sikuambiwa nikatae kusikia.

Tulirudi Magunga usiku, basi likiimba, mimi nikiwa kimya karibu na dirisha.

Likizo ya mwezi wa nane ilinikuta nyumbani, upande wa Karungu. Baba alikuwa anajenga chumba cha mashine ya kusaga. Msingi ulikuwa umekwisha, umepanda hadi magotini, umezibwa kwa saruji. Nilitupa begi, nikauzunguka. Nilikuwa nimeyaona mawe yale yakiletwa tangu likizo ya Aprili, nami mwenyewe nilisaidia kuyashusha. Mlangoni, pale pa kukanyagia, fundi alikuwa amelaza jiwe refu bapa. Upande wake wa chini ulikuwa laini, umelainishwa na migongo ya watu walioinama kupita chini yake.

"Baba, hili lilitoka wapi?"

"Si pale mlimani? Lile zizi la kitambo."

"Baba, lile si zizi."

"Ni nini sasa?"

Na mkalimani mzima nilikwama tena. Kwa Kiswahili ningesema mji wa mawe, lakini baba yangu hana haja na kura za chama. Nikasema kwa Dholuo neno lililo karibu zaidi: "*Dala*." Ni nyumbani.

Baba aliuweka mwiko chini. "Nyumbani kwa nani?"

Sikuwa na jibu. Aliyejibu ni dana, nyanya yangu, aliyekuwa anachambua omena kivulini. Hakuinua kichwa. Alisema alipoolewa hapa mama mkwe wake alimkataza kuokota kuni ndani ya ukuta ule, akimwambia kwamba mle mna wenyewe. Majina yao hakuambiwa. "Nanyi hamkuniuliza mlipotuma punda," alisema.

Baba hakuubomoa msingi, na sitadanganya kwamba alitaka kuubomoa. Saruji ilikuwa imekauka na mashine imelipiwa. Ila kesho yake kijana wa punda alipokuja, nilimsikia baba akimwambia mawe yaliyobaki akayatafute kwenye mwamba wa kando ya mto.

Nilipanda mlima na ndugu yangu mdogo, daftari mkononi. Ukuta uliobaki una urefu wa hatua 57. Kimo chake, mahali ulipo mzima, kinanifika kifuani. Lango ni pengo la hatua mbili, halina kitu juu. Ndani nilihesabu miduara minne ya nyumba, na wa tano sina hakika nao. Karatasi hiyo nimeikabidhi kwa mlezi, imefungwa katika faili la chama, kabati la pili.

Mwanachama ambaye kwao kuna boma la namna hii, naomba alete vipimo kabla ya shule kufungwa. Asipande juu ya ukuta. Na hatua zipimwe na mtu mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho, maana za ndugu yangu na zangu zilipishana kwa 9, tukalazimika kuanza upya.